Natafuta vikombe vya kioo kwenye reli iliyokufa: uzi wa wenye ugonjwa kama wangu

#1 Taruma Kavu

Wakuu, salaam.

Miaka mingi nimekuwa msomaji wa pembeni. Leo naleta uzi wangu wa kwanza, na najua kabisa nusu yenu mtauliza kama nina kazi ya kufanya. Ninayo. Naendesha lori hapa Montana, Marekani. Siku nisizoendesha, natafuta vikombe vya nguzo za simu.

Mliokulia karibu na reli mnavijua: vile vitu vyeupe vya kauri vilivyokaa juu ya mikono ya nguzo, waya umefungwa shingoni. Mimi nimezaliwa nyumba za gengeni, mzee wangu alikuwa mtu wa mataruma. Naungama mbele yenu kwamba nilivunja viwili kwa manati. Cha tatu nilikikosa, nikachapwa kwa vile viwili.

Huku vingi havikuwa vya kauri, vilikuwa vya kioo. Si kioo cha bilauri. Ni kioo kinene, kizito kama embe dodo lililoiva, kimefinyangwa kama kengele, na ndani kina hesi ya kukizungushia kwenye kijiti cha mbao. Ukikiinua juani kinawaka rangi ya maji ya bahari ya Raskazone, Tanga, saa nne asubuhi. Ndicho kilichoniponza. Nilikuwa kwenye mnada wa shamba la marehemu mmoja, natafuta jeki, nikaona kreti zima la hivi vitu limekaa kwenye jua. Jeki sikununua.

Reli ninayoifuata iliitwa Milwaukee Road. Ilikuwa kampuni ya Chicago iliyotaka kufika Pasifiki kama wenzake. Ikajenga upande huu wa magharibi kati ya 1906 na 1909, ikachelewa, maana wengine walishatangulia na mizigo walishaizoea. Ilikuwa na maringo yake, lakini: kuanzia mji wa Harlowton kupanda milima hadi Avery kule Idaho, treni zilivutwa na umeme tangu enzi za vita ya kwanza ya dunia. Umeme wakauzima 1974, nyaya za shaba zikauzwa kama chuma chakavu, wakati bei ya mafuta ya dizeli ndiyo kwanza imepanda. 1977 kampuni ikafilisika. 1980 wakaachana na njia yote ya magharibi, reli zikang'olewa.

Mimi natafuta mashariki ya Harlowton, bonde la mto Musselshell, karibu na mji wa Roundup, ambako umeme haukufika. Kilichobaki ni tuta, nguzo za madaraja, na visiki vya nguzo za simu vilivyokatwa usawa wa goti. Nyasi, ng'ombe, upepo. Hamna mtu.

Kikombe kina maandishi yaliyochomoza, na humo ndimo utamu ulipo. Kikiandikwa HEMINGRAY, kimetoka kiwanda kilichohamia mji wa Muncie, Indiana, mwaka 1888 kwa sababu ya gesi ya asili iliyogunduliwa huko. Tanuru la kioo linakula moto usiku na mchana, gesi ilikuwa kama bure. Ukikuta PATENT MAY 2 1893 na chini ukingoni kuna vijimeno kama vya mtoto, hapo ni wazo lao la kufanya maji ya mvua yadondoke upesi badala ya kuganda ukingoni. Kikiandikwa BROOKFIELD, hao ni wa Brooklyn, na vile vya zamani vina mpaka anwani ya ofisi. Ofisi ilihama mara kadhaa, kwa hiyo ukiijua anwani unaujua umri.

Umbo nalo lina namba. Mkusanyaji mmoja wa Texas, N. R. Woodward, alikaa akayapanga maumbo yote kwa namba zinazoanza na CD. CD 145 ni mzinga wa nyuki, kweli unafanana na mzinga. CD 154 ndiyo Hemingray-42, hiyo unaokota kama changarawe.

Sasa shida yangu. Wiki iliyopita nimepata Brookfield yenye anwani ya 45 Cliff Street. Anwani hiyo ni ya miaka ya 1880. Reli hii imejengwa 1908. Kikombe ni kizee kuliko reli kwa miaka 20 hivi. Kimefikaje?

Picha nitaweka nikitulia. Karibuni.

#2 Kipanga wa Ilala

Nimekaa mkao wa kula. Swali moja tu mkuu, na usinizungushe: ndani kuna zebaki?

#3 Binti Maweni

Hahaha, nilijua la zebaki halitachelewa. Kipanga hukawii.

Mleta uzi, umenigusa. Kwa bibi yangu Muheza kuna kikombe cheupe cha hivyo kimezuia mlango wa jikoni tangu sijazaliwa. Mlango ukibamizwa na upepo bibi anauliza, "Nani kaondoa Mjerumani?" Ndilo jina lake, Mjerumani. Nikienda Idi nitampiga picha.

#4 Kipanga wa Ilala

Mimi siulizi kwa utani. Kuna jamaa wanazunguka vijijini wananunua vitu vya Mjerumani kwa mamilioni. Nikisikia kikombe cha zamani, tena cha reli, masikio yanasimama.

#5 Mpanda Nguzo

Habari zenu vijana.

Nimepanda nguzo miaka 31, kuanzia enzi za Posta na Simu ya Afrika Mashariki hadi nastaafu, nyingi kati ya Tabora na Kigoma. Vikombe nimebadilisha sijui elfu ngapi. Ndani ya kikombe kuna hesi, kuna vumbi, na mara kwa mara kuna buibui au mtoto wa nyigu. Zebaki hakuna. Kwanza tumia akili: zebaki inapitisha umeme. Kazi yote ya kikombe ni kuzuia umeme usiteremke kwenye nguzo. Nani atajaza zebaki humo? Ni kama kutia maji kwenye gunia la chumvi.

Hao wanaonunua kwa mamilioni, muulize anayekuambia kama amewahi kumuona aliyelipwa. Atakutajia rafiki wa shemeji yake.

Bwana Taruma, swali lako la kikombe kizee kuliko reli ni jepesi. Stoo. Laini ikivunjwa sehemu moja, vikombe vizima vinarudi stoo, vinaoshwa, vinapelekwa kwenye laini mpya. Kikombe hakiozi kama nguzo. Mimi mwenyewe nimefunga mwaka 1984 vikombe vyenye tarehe ya kabla sijazaliwa, na mimi ni wa 1955. Reli yako imejengwa na kampuni ambayo ilikuwa na laini za zamani kule ilikotoka. Wametoa stoo.

#6 Taruma Kavu

Mzee shikamoo! Nimesoma jibu lako nikiwa kwenye foleni ya mizani nikacheka peke yangu. Wiki nzima nawauliza Wazungu wenye makabati ya vioo ukutani, wananiambia labda hiki, labda kile. Stoo!

Naomba ukae kwenye huu uzi, usituache.

#7 Mpanda Nguzo

Marahaba. Nipo. Mstaafu ataenda wapi.

#8 Wakili wa Mtaa

Sitaki kuwaharibia starehe, ila niulize. Hiyo reli "iliyokufa" haina mwenyewe? Maana hapa kwetu ukikutwa kando ya reli na begi lina vikombe vya nguzo, hutaeleza habari za rangi ya Raskazone. Utaandikiwa kuhujumu miundombinu ukalale ndani.

#9 Nyahururu Line

Wakili amesema ukweli mtupu. Mimi niko upande wa Kenya, nimelelewa karibu na reli ya Gilgil kwenda Nyahururu, ambayo siku hizo mji ulikuwa unaitwa Thomson's Falls. Treni ilikuja mwisho sijui lini, nyasi zimepita magoti. Lakini jaribu kubeba kitu hapo uone. Mwaka wa 2022 mwezi wa kwanza serikali ilipiga marufuku biashara yote ya chuma chakavu baada ya stima kupotea nchi nzima, watu wa skrepa walilia miezi. Ukipatikana na hata nati ya reli, wewe ni adui wa taifa.

Na si jambo la leo. Wanandi walikuwa wakikata waya wa telegrafu wa reli ya Uganda miaka ya mwanzo ya 1900 wakitengeneza bangili na mapambo. Wazee kwetu husimulia wakicheka: Mzungu anatuma ujumbe Mombasa, ujumbe umevaliwa mkononi na msichana wa Nandi Hills. Kicheko kinaisha ukifika kwa Koitalel arap Samoei, kiongozi wao, aliyepigwa risasi Oktoba 1905 akienda kwa mazungumzo ya amani.

#10 Taruma Kavu

@Wakili, umeuliza swali ambalo kila mgeni wa jambo hili angeuliza kwanza angeokoa faini.

Reli iliyokufa ina mwenyewe. Siku zote. Na wenyewe wanatofautiana:

Kama treni bado zinapita, hata moja kwa wiki, usikanyage. Ni mali ya kampuni, ni kosa la jinai, na treni ya mizigo ikitokea nyuma yako na upepo unavuma mbele, huisikii mpaka imefika. Isitoshe nguzo za reli hazikubeba simu peke yake. Mara nyingi waya za juu ni umeme wa ishara za treni, volti 400 na kitu, 500 na kitu. Watu wamepanda wakidhani ni simu.

Kama njia imegeuzwa kuwa ya baiskeli na watembea kwa miguu, basi ni ya serikali au halmashauri. Kuna sheria ya 1983 inayoruhusu njia ya reli ihifadhiwe hivyo isipotee. Hii Milwaukee yenyewe ukiifuata mpaka jimbo la Washington imekuwa hifadhi ndefu ya jimbo. Hapo unatembea, unapiga picha, unarudi mikono mitupu. Hata kipande kilichovunjika.

Kule ninakotafuta mimi sehemu kubwa ilirudi kwa wenye mashamba. Tuta linapita katikati ya malisho ya mtu. Kwa hiyo nafanya tulivyofundishwa nyumbani: napiga hodi.

Sitanii. Wenzangu wa huku wanatumia ramani, satelaiti, mpaka vitambua madini. Wanaogopa mlango. Mimi naegesha gari mbali na nyumba, nashuka, nasimama mahali naonekana, nasubiri mbwa amalize. Nasema mimi ni nani, mzee wangu alikuwa reli, naomba kutembea kwenye tuta lako, geti nitafunga, nikipata kitu nitakuonyesha kabla sijaondoka. Mara ya kwanza kabisa, mama mmoja wa miaka themanini hivi alinisikiliza bila kusema neno, akaingia ndani. Nikajua bunduki. Akarudi na chai ya baridi na picha ya baba yake amesimama juu ya kiberenge.

Siku hiyo sikupata kitu kwenye tuta. Niliporudi kumuaga akanionyesha uzio wa kuku. Kila nguzo ya uzio ilikuwa nguzo ya simu iliyokatwa vipande, na juu ya kila kipande amevika kikombe. Kumi na saba. Akanipa viwili, nikatoa hela, akakasirika. Wiki mbili baadaye nikampelekea mandazi. Sasa hivi namsaidia kupanga kuni.

#11 Mama Wawili

Nimekuja kwa vikombe, nimebaki kwa mandazi.

#12 Kipanga wa Ilala

Sawa, zebaki nimeachana nayo. Bei je? Kimoja shilingi ngapi?

#13 Taruma Kavu

Hiyo Hemingray-42 ya rangi ya maji, dola 2 mpaka 5 kwenye soko la mitumba, na muuzaji anashukuru. Ukitoa mafuta ya gari, nadaiwa na hivi vikombe mwaka wa tatu sasa.

Vipo vya maelfu ya dola, sikatai. Bei inapandishwa na rangi, si uzee peke yake. Buluu ya wino, rangi ya asali, zambarau. Tena kwenye zambarau kaa chonjo. Mchanga wa kutengenezea kioo una chuma ndani yake, ndicho kinacholeta ukijani. Viwanda vingine vilitia manganizi kuufuta. Sasa manganizi ikipigwa na jua miaka hamsini, sitini, inageuka zambarau yenyewe polepole, nzuri kama ubuyu uliokolezwa. Wajanja wakagundua ukikipiga kikombe cha bei rahisi kwa mionzi kinapata zambarau kwa siku chache. Wanauza kama kazi ya jua. Nilinunua kimoja mwaka wa kwanza. Zambarau iliyokolea sana, sawasawa pande zote, mpaka ndani kwenye hesi ambako jua halijawahi kuingia. Kipo bafuni, kinashika mswaki.

#14 Nyahururu Line

Mzee Mpanda Nguzo, hebu tusaidie. Kwa nini Mmarekani alitumia kioo na sisi tukawekewa kauri? Nimetembea reli ya Gilgil yote na sijawahi kuona hata kimoja cha kioo.

#15 Mpanda Nguzo

Bwana Nyahururu, sisi tuliwekewa cha aliyetutawala. Mwingereza na Mjerumani walikuwa na viwanda vya vyungu na kauri vya miaka mingi, wanajua udongo. Mmarekani alikuwa na mchanga, gesi na mashine za kukandamiza kioo, akatoa vikombe kwa mamilioni. Kila mtu alitumia cha kwao.

Kiufundi vinatofautiana. Uso wa kioo unapenda unyevunyevu, asubuhi yenye ukungu unakuta umelowa, na umeme mdogo wa telegrafu unatambaa kwenye huo utando wa maji mpaka kwenye nguzo. Ndiyo maana ukikigeuza kikombe utaona sketi mbili, moja ndani ya nyingine. Ya nje inalowa, ya ndani inabaki kavu, na umeme ukitaka kushuka lazima uteremke, upande, uteremke tena. Kauri iliyopakwa rangi ya kung'aa vizuri inavumilia unyevu zaidi, lakini ikipata ufa mwembamba huuoni kwa macho. Unapanda nguzo kumi unatafuta kikombe kibovu, vyote vinaonekana vizima. Kioo ukikiangalia tu unaona. Kama ningechaguliwa mimi ningechukua kioo, ningepumzisha miguu.

Kitu kingine: nguzo zetu nyingi zilikuwa za chuma kwa sababu ya mchwa. Na huko kwenye mbuga waya ilibidi upandishwe juu, twiga asipite nao shingoni.

#16 Msindo wa Nachingwea

Nami nichangie ya kusini ambayo wengi hawaijui. Mwingereza alijenga reli kutoka bandari ya Mtwara kuja huku Nachingwea kwa ajili ya ule mradi wa karanga baada ya vita ya pili. Karanga zikakataa, ardhi ngumu na mvua hakuna, reli ikabaki bila cha kubeba. 1962 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Tuta lipo, sehemu zingine limekuwa njia ya baiskeli na wala hakuna aliyepanga liwe hivyo. Babu alikuwa akituonyesha, "hapa alipita treni", tunadhani anatuongopea.

Vikombe sijawahi kuona. Nguzo zilienda kujenga nyumba.

#17 Binti Maweni

Idi njema wote, nimerudi kutoka Muheza na Mjerumani nimempiga picha. Nimemsugua kwa majivu, bibi akawa ananiangalia kama nimeanza kuugua. Chini ya masizi kumeandikwa herufi za buluu iliyofifia: BULLERS, halafu LONDON.

Kwa hiyo miaka yote hii bibi anamwita Mjerumani, kumbe ni Mwingereza. Nimemwambia. Akasema, "Mwache hivyo hivyo, kashazoea."

#18 Mpanda Nguzo

Bullers tumevifunga vingi sana. Kauri yao ilitoka Staffordshire, London ni ofisi tu. Kizuri hicho. Usimnyang'anye bibi.

#19 Wakili wa Mtaa

Mzee, wewe ulipokuwa kazini vikombe vilivyovunjika mlivipeleka wapi? Kuvirudisha stoo pia?

#20 Mpanda Nguzo

Kwa karatasi, ndiyo.

Kwa kweli nani atateremka na kikombe kibovu mfukoni? Umefungwa mkanda kwenye nguzo, mguu unauma, jua la Malagarasi linakukaanga. Unakizungusha kinatoka, unakiachia. Hukirushi upande wa reli, maana msimamizi anapita na kiberenge, atakiona, na kikigonga reli kinalia. Hukiachii miguuni, maana chini kuna mwenzako anakupelekea vifaa kwa kamba. Unakirusha nyuma, upande wa mkono wako wa kulia, kwenye majani. Kila fundi alifanya hivyo. Majani yakiota hakuna ushahidi.

Bwana Taruma, wewe unatafuta wapi?

#21 Taruma Kavu

Chini ya nguzo. Kati ya nguzo na tuta. Miaka mitatu.

#22 Mpanda Nguzo

Hapo utapata misumari.

#23 Kipanga wa Ilala

Mzee kaua 😂😂

#24 Taruma Kavu

Jumamosi narudi Roundup. Nitaleta jibu.

Wakati huo, kwa yule aliyeniuliza pembeni jinsi ya kusafisha: masizi ya injini za mvuke hayatoki kwa sabuni. Watu wanaloweka kwenye maji yenye asidi ya oksaliki, ile ya unga wanayotolea kutu. Inafanya kazi, lakini ni sumu. Glovu, nje ya nyumba, ndoo yenye mfuniko, mbali na watoto na mbwa. Mimi nililoweka vinne kwenye ndoo ya mke wangu ya kudekia, akaitumia. Hakuumia, ila nilinunua ndoo mpya, deki mpya, na chakula cha jioni mgahawani. Na kamwe usimwagie kioo cha baridi maji ya moto. Kitakujibu "ta!" na kuna mstari katikati.

#25 Mama Wawili

Mke wako ana moyo. Ningekuloweka wewe.

#26 Taruma Kavu

Wakuu, nimerudi. Nimekaa hapa na matope hadi viwiko, acha niandike kabla sijaoga.

Nilipiga hodi kwa mwenye shamba, mzee wa ng'ombe, nikamuuliza kama baba yake alikumbuka mafundi wa simu walikuwa wakipanda upande gani. Akaniangalia sana. Akasema hajawahi kuulizwa hilo, halafu akavaa kofia akaja na mimi.

Kisiki cha kwanza, hamna. Nyuma kulia kuna kijito, kimeshachimba kila kitu. Cha pili nikakuta kipande cha sketi, kijani, ukubwa wa kucha ya dole gumba. Kipande kimoja tu, lakini mikono ikaanza kutetemeka.

Cha tatu kiko pale tuta linapokunja kuelekea mtoni. Nikasimama uso na kifua vikielekea kisiki na tuta, kama vile nimepanda. Nikarusha jiwe nyuma kwa mkono wa kulia bila kuangalia. Likaangukia kwenye magugu, hatua nane hivi. Nikaenda na fimbo, maana kuna nyoka wenye njuga mkiani huku, sitii mkono mahali sijaona. Nikagonga gonga. Udongo, udongo, udongo, halafu fimbo ikasema "ti".

Nilichimba kwa kijiko cha bustani na vidole. Viko pamoja, vimerundikana kama mayai ya kanga. Vitano. Vinne vimevunjika: viwili Hemingray vyenye meno, kimoja Brookfield, kimoja sikitambui. Cha tano nilikishika kwenye kichwa nikakizungusha ndani ya tope, kikakataa, kikakataa, kikaachia na ule mlio wa mguu kutoka kwenye tope. Nikakifuta kwa shati. Kizima. Mzinga wa nyuki, CD 145, kijani cha kiza, na ndani kioo kina mapovu madogo madogo na mstari wa rangi ya kaharabu kama moshi wa sigara uliogandia humo. Yule mzee wa ng'ombe alikiinua juani akakaa kimya, halafu akasema kwamba ng'ombe wake wamekanyaga hapo maisha yake yote.

Nilimpa. Alikataa. Nikasisitiza, kikabaki kwake dirishani. Mimi nimechukua vilivyovunjika, na msinicheke.

Maana kimoja kati ya vile vilivyovunjika bado kina waya wa kufungia. Wa shaba, umekuwa kijani, umekaza shingoni vile vile alivyoukaza fundi. Kipande cha waya mkuu chenye urefu wa kiganja bado kimo. Mzee Mpanda Nguzo, hili ni lako, picha hiyo hapo. Upande mmoja ameuzungusha mara tano, umebana, mizunguko imelaliana vizuri kama kamba ya kitanda. Upande wa pili mara tatu tu, imeachana, na ncha imebaki inachomoza. Nimeangalia picha za vitabu, wanasema pande zote ziwe sawa. Huyu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto?

#27 Nyahururu Line

Mimi nasema alikuwa mwanafunzi.

#28 Kipanga wa Ilala

Alilipwa nusu.

#29 Mpanda Nguzo

Nimeikuza picha yako, nimemwita na mjukuu aniongezee mwanga wa simu.

Mkono wa kushoto hapana, mizunguko ingegeukia upande mwingine. Mwanafunzi hapana, ile mitano ni ya mtu anayeijua kazi, mimi mwenyewe sikuifanya vizuri hivyo kila siku. Umesema huko ni Montana. Mwezi wa kwanza kunakuwaje?

#30 Taruma Kavu

Mwezi wa kwanza nimeshaona nyuzi 30 chini ya sifuri, mzee. Upepo juu.

#31 Mpanda Nguzo

Basi alivua glovu kwa upande wa kwanza. Kwa upande wa pili vidole vilikuwa vimekwisha.